Unanunua Chaneli Nane, Si Chaneli Moja Mara Nane

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa mafundi sauti na warekodi wa muziki. Wengi hawakuweza kufika, kwa hiyo naiweka hapa nzima. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, na pale nilipokuwa nikionyesha kwa kidole nimejaribu kueleza kwa maneno.

Ndugu zangu mafundi, wazee wa fani mliokaa mbele, na vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kusoma tangazo la priampu ya chaneli nane, kile kifaa cha kukuza umeme mdogo wa maiki nane? Sioni mkono. Haya, lilisemaje? Lilisema sauti ni safi, ni nene, ni tamu, na kwamba wakubwa wote wanaitumia. Je, liliwaambia kitakachotokea mkiwasha fantomu, ule umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia kebo ya sauti, kwenye chaneli zote nane kwa pamoja? Liliwaambia saa ya kidijitali, ile inayopanga mwendo wa sampuli za sauti, itatoka wapi? Liliwaambia ni nani atakayeshika kitufe cha gaini, yaani kiasi cha kukuza, bendi ikiwa jukwaani na ninyi mko chumba cha nyuma? Halikusema. Tangazo linauza chaneli moja. Ninyi mnanunua nane. Na ukishafika nane, kumi na sita, thelathini na mbili, mambo yanayoamua kazi itoke au isitoke hayako tena ndani ya chaneli moja. Yako kati ya chaneli na chaneli, na kati ya kifaa na kifaa.

Hilo ndilo jambo langu leo. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Tuanze na kile kinachoulizwa kila mara: kelele. "Fundi, priampu gani haina lile shiii la chini kwa chini?"

Kuna kijana mmoja anarekodi mazungumzo ya watu wanne mezani. Alinijia amekata tamaa. Maiki zake ni Shure SM7B, maiki ya dainamiki, nzuri, lakini mvivu sana wa kutoa umeme. Alikuwa amekwisha kubadilisha priampu na alikuwa anajiandaa kubadilisha tena. Nikamuuliza, wasemaji wako wanakaa mbali kiasi gani na maiki? Akanyoosha mkono mzima.

Tupige hesabu pamoja. Maiki hiyo ikipokea sauti ya desibeli 94, yaani mtu anayeongea kwa nguvu akiwa ameisogelea kabisa, inatoa milivolti 1.1 hivi. Ikuze kwa desibeli 60, yaani mara 1,000, unapata volti 1.1, karibu sawa na kiwango cha laini, kile ambacho vifaa vya studio hutumia kupeana sauti, yaani volti 1.23. Ndiyo maana Shure wenyewe wanasema ipewe angalau desibeli 60. Sasa mrudishe msemaji nyuma, aongee kwa upole, sauti ifike kwenye maiki ikiwa desibeli 64. Umepoteza desibeli 30. Milivolti 1.1 imekuwa milivolti 0.035. Ili urudi pale pale unataka desibeli 90. Priampu gani ya chaneli nane inakupa desibeli 90? Na hata ingekupa, ungekuwa unakuza nini? Feni, kiti kinacholia, na gari linalopita nje. Yule kijana hakuhitaji kifaa kipya. Alihitaji stendi zenye mikono mirefu.

Halafu kuna ukuta ambao hakuna kiwanda kinachoupita. Mwaka 1928, Johnson wa Bell Labs na Nyquist wa AT&T, watafiti wa Marekani, walieleza kelele inayozaliwa na joto ndani ya rezista yoyote. Penye joto, elektroni hazitulii, na zisipotulia zinapiga kelele. Rezista ya omu 150, ambayo ndiyo tunayoitumia kuiga maiki tunapopima, katika joto la kawaida la chumba na masafa ya kilohezi 20, inatoa kelele ya takriban dBu -131 (dBu ni desibeli za kupimia volti; namba ikishuka zaidi, kimya zaidi). Hiyo ipo kabla hujaunganisha kifaa chochote. Priampu nzuri ya leo inaandikwa -127 hadi -129. Mmeliona pengo lenyewe? Desibeli mbili, tatu, nne. Anayekuambia yake ni kimya mara kumi kuliko ya jirani, muulize jirani gani huyo.

Na hata hizo namba zisomwe kwa jicho kali. Zimepimwa na rezista ya omu 150, au tundu liliunganishwa moja kwa moja bila rezista ili namba ipendeze? Zimechujwa kwa mzani wa A, unaoiga sikio la binadamu na kupunguza desibeli kama mbili hivi? Na zilipimwa kwa gaini gani? Karibu daima ni gaini ya juu kabisa. Ishushe hadi 20 na hiyo -128 huioni tena.

Mkitumia maiki za kondensa, zile zinazohitaji fantomu, nawaambia kwa uwazi, mjadala huu karibu haupo. Kondensa inayotoa milivolti 20 kwa paskali (paskali moja ndiyo ile sauti ya desibeli 94), yenye kelele yake ya ndani ya desibeli 14, inaingiza kwenye priampu kelele ya takriban dBu -112. Inaizidi priampu ya -128 kwa desibeli 16. Unabishania kelele ya priampu, na maiki imeifunika zamani.

Lakini subirini. Nimesema mnanunua nane. Chaneli nane zenye kelele sawa, ukizichanganya kwa usawa, kelele inapanda desibeli 9. Kumi na sita, desibeli 12. Thelathini na mbili, desibeli 15. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo kwenye chaneli nyingi, desibeli mbili ambazo huzisikii ukiwa na maiki moja unaweza kuzisikia mwisho wa kazi. Dawa yake ya kwanza ni kufunga chaneli ambazo hazipigwi, jambo ambalo ni bure, na watu hawalifanyi.

Upande wa pili wa gaini hausemwi kabisa. Chukua kondensa ile ile, iweke karibu na snea, ile dramu kali ya katikati. Pigo la desibeli 134 ni paskali 100. Zidisha kwa milivolti 20: volti mbili. Hapo hakuna cha kukuza. Tayari umepita kiwango cha laini. Priampu ambayo gaini yake ya chini kabisa ni desibeli 20, na haina pedi, yaani swichi ya kupunguza umeme unaoingia, sauti yake itapasuka hata ufanye nini. Umelipia desibeli 70 za kupanda, na ulichokosa ni mahali pa kushukia. Kwa hiyo msiulize tu inapanda hadi wapi. Ulizeni inashuka hadi wapi. Anayerekodi dramu swali la pili ndilo lake.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: kufanana.

Fundi mwenzangu mmoja alirekodi kwaya kwa maiki mbili, jozi safi, zimepangwa kwa rula. Waimbaji wa kati walikuwa kati kabisa. Aliporudi kusikiliza, wa kati wameegemea kushoto. Akashuku maiki, akazibadilishana pande. Bado kushoto. Akashuku spika. Bado kushoto. Mwisho akaingiza mlio wa majaribio kwenye chaneli zote mbili, na ndipo akaona: vitufe vyote viwili vimeelekezwa juu sawasawa, lakini chaneli moja inatoa desibeli mbili zaidi ya nyingine. Hakuna kilichoharibika. Ndivyo vitufe vya mzunguko vya bei ya chini vilivyo. Kila kimoja kina tabia yake.

Kichukueni kitufe kama hicho mkigeuze polepole, mtaona jambo jingine. Safari yote ya mwanzo inakupa desibeli 35, 40 hivi, taratibu, kwa ustaarabu. Halafu kwenye ncha ya mwisho, upana wa ukucha, zinamwagika desibeli 15 au 20 kwa mpigo. Jaribu kulinganisha chaneli mbili za maiki mvivu hapo kwenye ncha. Kidole kinatetemeka, namba inaruka.

Kwa maiki moja ya mwimbaji, nani anajali? Lakini ukirekodi kwa jozi, au kwa Decca Tree, ule mpangilio wa maiki tatu mbele ya okestra uliozaliwa kwenye kampuni ya rekodi ya Decca huko Uingereza miaka ya 1950, picha yote ya sauti imesimama juu ya kulingana kwa chaneli. Hapo tafuta gaini ya hatua, au gaini inayoongozwa kidijitali, unayoiandika 42 na ikawa 42 kwenye chaneli ya kwanza na ya nane. Na kesho ukirudi kumalizia wimbo ule ule, unaandika 42 tena. Mimi, nikipewa priampu tamu yenye vitufe visivyofanana na priampu ya kawaida yenye hatua za desibeli moja, kwa kazi ya chaneli nane nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Fantomu. Wangapi wanajua kwa nini ni volti 48 na si 50?

Mwaka 1966, Neumann, watengenezaji wa maiki wa Ujerumani, waliwapelekea NRK, shirika la utangazaji la Norwei, maiki mpya ya transista, KM 84. NRK walitaka maiki ipate umeme kupitia kebo ile ile inayobeba sauti, bila sanduku la pembeni. Volti ngapi basi? Studio zao tayari zilikuwa na volti 48, zilizowekwa kwa ajili ya taa za dharura. Ikawa 48. Taa za dharura, ndugu zangu! Na leo kila kifaa duniani kina kitufe hicho.

Leo umeme huo una kanuni yake ya kimataifa, IEC 61938. Volti zinaruhusiwa kuwa kati ya 44 na 52. Zinapita kwenye rezista mbili za omu 6,800, moja kwa kila waya wa sauti, na maiki inaruhusiwa kunyonya hadi miliampea 10. Zidisheni kwa nane: miliampea 80. Hapo ndipo pawa saplai iliyobanwa inapoumbuka. Nimewahi kukutana na kifaa, jina tuliache, ambacho ukichomeka kondensa moja kinapendeza, mbili kinapendeza, na ukifika ya saba na ya nane, maiki za juu za dramu zinaanza kukwaruza kwenye kila pigo la sahani. Mwenye studio aliamini maiki zake zimekufa. Maiki zilikuwa na njaa tu. Mita ya kawaida ya umeme ilisema ukweli wote: volti 48 kwa maiki moja, volti 37 kwa nane.

Fantomu iwe na kitufe chake kwa kila chaneli. Kifaa chenye kitufe kimoja kwa chaneli nne kinakulazimisha kupanga jukwaa kwa kufuata swichi. Na ukiwa na maiki ya riboni humo ndani, unaishi kwa wasiwasi. Kebo ikiwa nzima fantomu haiidhuru riboni nyingi, kwa sababu volti ni sawa pande zote mbili. Kebo ikiwa na waya uliokatika, au ukichomeka kwenye pachibei, ile paneli ya kuunganishia kebo, umeme ukiwa umewashwa, pande zinaacha kuwa sawa, na kile kiutepe chembamba cha alumini kinavutwa.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe. Kwa nini nane? Kwa nini si sita, si kumi?

Mwaka 1991 kampuni ya Alesis ilitangaza mashine iitwayo ADAT: treki nane za kidijitali kwenye kaseti ya video ya S-VHS. Ukitaka zaidi, unaunganisha mashine na mashine, hadi 16, treki 128. Mashine hizo leo ziko stoo. Lakini tundu lake la mwanga, lile linalopitisha chaneli nane kwenye uzi mmoja mwembamba, limebaki kwenye karibu kila kadi ya sauti ya maana. Kwa hiyo priampu nyingi za nane tunazozijua, Audient ASP880, Focusrite OctoPre, Behringer ADA8200, RME OctaMic, zimekatwa kwa kipimo cha kaseti ya video.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Chaneli nane ni kwa kilohezi 44.1 au 48. Ukipanda 96, uzi ule ule unabeba nne. Ukitaka zote nane kwa 96, unahitaji nyuzi mbili, na matundu mawili kila upande. Vifaa vingine vya bei nafuu, kama hiyo ADA8200, haviendi zaidi ya 48 kabisa. Je, hilo ni kosa? Kwangu mimi hapana. Rekodi nyingi sana nzuri zimefanywa kwa 48. Ila ujue kabla, si siku ya kazi.

Na sasa saa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapolala macho.

Niliitwa kwenye studio moja ambako kila baada ya sekunde chache rekodi ilikuwa inatoa "tik". Si chaneli zote. Nane za mwisho tu. Walikuwa wamebadilisha kebo za maiki. Walikuwa wamezima jokofu la chumba cha pili. Walikuwa wameanza kumlaumu fundi umeme. Nikauliza: kadi ya sauti inafuata saa ipi? Kimya. Ilikuwa inafuata yake ya ndani. Priampu nayo inafuata yake ya ndani. Saa mbili, kila moja inaamini ndiyo kiongozi, zinaachana kidogo kidogo, na zikiachana vya kutosha sampuli moja inaangukia pengoni. Tik.

Sheria ni moja tu: saa moja inaongoza, nyingine zote zinafuata. Kama una uzi mmoja unaotoka kwenye priampu kwenda kwenye kadi, basi priampu ndiyo inayoongoza, na kadi uiambie ifuate tundu la ADAT. Ukitaka kadi iongoze, lazima kuwe na njia ya kurudi: uzi wa pili, au kebo ya saa ya BNC ya omu 75. Kwa hiyo unaponunua, geuza kifaa, angalia mgongo wake. Kina tundu la kupokea saa, au la kutoa tu? Swali hilo ni la sekunde tano, na limeokoa siku nzima za watu.

Tuhamie jukwaani, na hapa nitakaa kidogo.

Studio inakusamehe. Mwimbaji akipasua, unasema turudie. Jukwaani harudii mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la kurekodi tukio si "priampu gani," ni "gaini ya nani?"

Nawapa mfano. Tamasha moja, rekodi inachukuliwa kutoka kwenye miksa ya kidijitali ya ukumbini, chaneli zote, baada ya priampu na kabla ya kitu kingine chochote. Ndivyo inavyotakiwa. Wimbo wa pili mwimbaji anaanza kwa kunong'ona. Fundi wa ukumbini, kwa nia njema, anapandisha gaini desibeli nane. Watu wanapiga makofi. Kiitikio kinaingia, mwimbaji anapaza sauti yake yote. Kwenye rekodi, mstari unaruka ghafla, unagonga dari, unapasuka, na hakuna programu itakayourudisha ukawa kama ulivyoimbwa. Nani alikosea? Hakuna aliyekosea. Fundi wa ukumbini alikuwa anawahudumia waliokuja kusikiliza, na hiyo ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba kazi mbili zilikuwa zinakunywa kwenye kitufe kimoja.

Kuna njia tatu ninazozijua za kutoka hapo. Ya kwanza ni makubaliano: gaini inapangwa wakati wa majaribio, inafungwa, na fundi wa ukumbini anatumia trimu ya kidijitali (marekebisho baada ya priampu) na feda (kitelezi cha sauti) peke yake. Haigharimu chochote, na inategemea ubinadamu. Mifumo mingine inakusaidia: gaini ikiguswa, trimu ya mwenzako inajifidia yenyewe, asisikie tofauti. Lakini ikumbukeni kasoro yake: fidia hiyo iko baada ya kigeuzi kinachoigeuza sauti kuwa ya kidijitali, kwa hiyo kilichopasuka kwenye priampu kimepasuka kwa wote.

Njia ya pili ni splita. Maiki moja, njia mbili, priampu mbili, kila fundi na gaini yake. Chukueni splita yenye transfoma. Transfoma inatenganisha ardhi za vifaa viwili, na ardhi zikitenganishwa ule mvumo wa umeme haupati pa kupita. Fantomu inapita upande mmoja tu, ule wa moja kwa moja. Kwa hiyo kubalianeni mapema nani anaitoa, na asiizime kabla ya mwisho. Kebo ya Y ya kawaida nayo inafanya kazi, siwezi kudanganya, lakini sasa maiki inabeba priampu mbili kwa pamoja: omu 2,000 na omu 2,000 zinakuwa omu 1,000, na maiki za dainamiki zinaanza kubadilika tabia.

Ya tatu ni kuwa na priampu zako mwenyewe jukwaani, sanduku lililo karibu na wanamuziki, linalopeleka sauti kwa kidijitali. Hapa ADAT haikufai. Uzi wake wa plastiki unaishia kwenye mita 10 hivi. MADI, njia nyingine ya kupitisha sauti kidijitali, inabeba chaneli 64 kwa kebo ya koaksia hadi mita 100, au kwa nyuzi za kioo hadi kilomita mbili. Dante, mfumo uliotoka kampuni ya Audinate ya Australia, inapita kwenye kebo ya kawaida ya mtandao, mita 100 kila kipande, na vifaa vyake vya maana vina matundu mawili, ili kebo moja ikikanyagwa na toroli nyingine iendelee bila sauti kukatika.

Faida ya kukuza pale pale jukwaani ni ipi? Wengi watasema kebo ndefu inaua sauti za juu. Si kweli sana. Maiki ya omu 200 na mita 100 za kebo ya kawaida, upungufu unaanzia karibu kilohezi 80, huko hata popo wanachoka. Faida halisi ni kelele za nje. Milivolti moja ikisafiri mita 50 kando ya kebo za taa zenye dima inaokota kila kitu, na baadaye unaikuza na takataka zake mara 1,000. Ikikuzwa kwanza, kinachookotwa njiani hakikuzwi tena.

Ila ukiiweka priampu jukwaani, lazima uiongoze kwa mbali. Hutapanda jukwaani katikati ya wimbo kugeuza kitufe mbele ya watu. Kifaa kisicho na rimoti, kikae pale ulipo wewe. Na kisiwe na feni kama kinakaa chumba kimoja na maiki.

Kiwango gani cha kurekodi? Biti 24 zina nafasi kubwa kuliko maiki na ukumbi wowote mtakaoukuta, kwa hiyo acheni woga wa kurekodi chini. Kwenye majaribio vilele vifike desibeli -18 hivi, yaani 18 chini ya dari ya kidijitali, visizidi -12. Kwa nini chini hivyo? Kwa sababu kwenye majaribio mpiga dramu anapiga kwa mkono mmoja huku akiongea na simu. Watu wakijaa, anapiga kama anadaiwa.

Na je, wajua huenda huhitaji kununua kitu? Miksa ya kidijitali kama Behringer X32 ina priampu 32 ndani yake, na inazipeleka zote kwenye kompyuta kwa USB. Mtu anayeimiliki halafu ananunua sanduku la nane "kwa ajili ya kurekodi" aniambie kwanza limemwongezea nini. Wakati mwingine jibu lipo. Mara nyingi halipo.

Nawasikia wazee wananguruma: mbona husemi ladha? Haya. Ladha ipo. Moduli ya 1073 ya Neve ilitoka mwaka 1970, na watu hadi leo wanaitafuta na kuiiga, si kwa ujinga. Chuma cha transfoma kinashiba, kinaanza kushiba kwenye besi, na kushiba huko kunaongeza unene unaosikika kwenye kiki, kwenye gitaa la besi, kwenye sauti ya mtu. Vifaa kama ISA 828 ya Focusrite vinakupa pia swichi ya impidansi, yaani upinzani ambao priampu inauonyesha kwa maiki, na kwa riboni na dainamiki za zamani utasikia tofauti. Lakini unene kwenye chaneli zote 24 ni tope. Ushauri wangu: nane safi, mbili zenye ladha. Na ukizilinganisha dukani, zilinganishe kwa volti, si kwa sikio, maana iliyo juu kwa nusu desibeli tu itaonekana kwako ndiyo tamu.

Nimalizie na namna ya kukipima kifaa kabla hujatoa hela. Beba plagi ya XLR, ile ya kebo ya maiki, uliyofungia rezista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3. Beba mita, beba hedifoni, na kama unaweza beba kondensa za kutosha. Chomeka rezista chaneli ya kwanza, gaini juu kabisa, sikiliza. Hamia ya pili, ya tatu, hadi ya nane. Zote zitoe shiii la kimo kimoja. Moja ikiwa na mvumo na nyingine hazina, iulize iko karibu na nini: mara nyingi ni ile iliyo jirani na transfoma ya pawa. Washa fantomu zote, maiki zote zikiwa zimechomekwa, pima pini ya 2 hadi ya 1. Piga kelele kwenye chaneli ya 3, sikiliza kama ya 4 inavujisha. Ipeleke kwenye 96, hesabu chaneli zilizobaki. Halafu, kwa idhini ya muuzaji, chomoa waya wa umeme ghafla, subiri kidogo, urudishe, na uangalie kama gaini, fantomu na saa vimerudi pale pale ulipoviacha au vyote vimekwenda sifuri.

Upande wangu nimefika. Maswali sasa, na aliye kule mlangoni aanze, wa mbele huwa wanamaliza muda wote.